Kukomesha, Kupunguza au Kuhama?

Tarehe 13 Novemba 2021, mjini Glasgow, mkutano wa 26 wa mabadiliko ya tabianchi ulikuwa umepitiliza siku yake ya mwisho. Rasimu ya azimio ilizitaka nchi ziharakishe hatua za kukomesha umeme wa makaa ya mawe ambao hewa ukaa yake hainaswi. Saa za mwisho, Waziri wa Mazingira wa India, Bhupender Yadav, akaomba neno moja libadilishwe. Kitenzi cha Kiingereza kilichokuwa kwenye rasimu kilifuatana na kijineno chenye maana ya "nje". India, ikiungwa mkono na China, ikataka mahali pake pakae kijineno chenye maana ya "chini". Makaa ya mawe yasitolewe nje kabisa, yateremshwe tu. Ombi likapita. Mwenyekiti wa mkutano, Alok Sharma wa Uingereza, akawaomba radhi wajumbe kwa jinsi jambo lilivyokwenda, sauti ikamkwama, akanyamaza huku machozi yakimlengalenga.

Aliyesoma habari hiyo kwa Kiswahili angekuwa na haki ya kuuliza: kilichomliza ni nini hasa? Vyombo vya habari vya Kiswahili vina mazoea ya kutumia kauli moja, "kuachana na", kwa yale ambayo kwenye meza ya Glasgow yalikuwa mambo mawili yanayopingana. Ugomvi wa vitenzi viwili ukipewa kitenzi kimoja hutoweka, na msomaji hubaki na picha ya watu wazima waliokesha wakibishana bila sababu.

Waandishi hawastahili lawama kubwa. Umoja wa Mataifa una lugha sita rasmi: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Maazimio ya tabianchi hutolewa katika lugha hizo, na kila neno hupimwa na wanasheria wa nchi karibu 200. Kiswahili hakimo. Hakuna nakala rasmi ya Kiswahili ambayo mhariri anaweza kuifungua akaona neno lililokubaliwa. Habari inaingia usiku, gazeti linangojewa, na neno linalokuja mdomoni kwanza ndilo linalochapishwa. Mwaka unaofuata mwingine anaiga, na mazoea yanageuka kuwa istilahi bila mtu yeyote kuiamua.

Gharama ya mazoea hayo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mjadala wa dunia kuhusu nishati ya kisukuku hauhusu tena kama itaachwa au la. Unahusu kasi: iachwe lini, na nani atangulie, na kwa fedha za nani. Kasi hiyo imefichwa ndani ya vitenzi. Lugha isiyovitenga vitenzi hivyo inawanyima wasemaji wake nafasi katika mjadala wenyewe, nao ni watu wa Lindi, Hoima, Turkana na Kivu, ambao chini ya ardhi yao, maziwa yao na bahari yao kuna gesi na mafuta yanayobishaniwa.

Kabla ya kitenzi, ianze nomino, kwa sababu nayo ina matatizo yake. Kinachoachwa kinaitwa nini? Wapo wanaoandika "mafuta ya kisukuku" au "mafuta kisukuku", wapo wa "nishati ya visukuku", na wapo waliokopa na kusema "fueli". Neno "mafuta" ndilo lenye hatari zaidi. Kwa Mswahili, mafuta ni ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya gari. Yote ni maji maji, au yalikuwa maji maji kabla ya kuganda. Makaa ya mawe ni jiwe jeusi. Gesi asilia haishikiki. Ukiandika "mafuta ya kisukuku" sikio la msomaji linaitoa gesi na kuyasahau makaa ya mawe, ilhali makaa ya mawe ndiyo yaliyogombaniwa Glasgow. Nayo makaa yenyewe hayaachi kutatiza, kwa kuwa mkaa wa kupikia, unaochomwa kutokana na miti ya jana na juzi, si kisukuku hata kidogo. "Nishati ya kisukuku" basi ndiyo kauli salama zaidi. Ina kasoro moja, kwamba nishati ni pana kuliko kitu kinachochomwa, lakini haimpotezi msomaji.

Na kisukuku? Watanzania wengi wanalijua neno hili kutokana na masomo ya historia, kwa fuvu la Olduvai au kwa mijusi wakubwa wa Tendaguru. Mifupa ya Tendaguru, kilima kilichoko ndani ndani mwa Lindi, ilichimbwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913 ikapelekwa Berlin, ambako mmoja wa wanyama hao bado amesimamishwa, kimo chake kikizidi mita 13. Mkoa huohuo wa Lindi ndio wenye gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974. Ni rahisi kuunganisha mambo hayo na kudhani gesi imetokana na mijusi. Haikutokana nayo. Makaa ya mawe yalitokana na mimea ya vinamasi iliyofukiwa na kubanwa. Mafuta ghafi na gesi kwa sehemu kubwa ni masalia ya viumbe vidogo mno vya majini na mimea, vilivyozikwa chini ya matope na kupikwa na joto la ardhini kwa mamilioni ya miaka. Jina kisukuku linasema jambo moja la kweli: umri. Kilichochukua mamilioni ya miaka kujilimbikiza kimechomwa kwa wingi katika muda unaozidi kidogo karne mbili, na kaboni iliyokuwa imefungiwa ardhini sasa imo hewani.

Sasa vitenzi.

Kukomesha ni kufanya jambo likome. Kina ukali ndani yake na kinadai mtendaji: anayekomesha yupo, ana jina, na anaweza kuulizwa amefikia wapi. Kinadai pia mwisho, kwa kuwa kilichokomeshwa hakibaki nusu. Uingereza ilikomesha umeme wa makaa ya mawe kwa maana hii hasa. Ndiyo nchi iliyofungua kituo cha umma cha umeme wa makaa ya mawe huko Holborn Viaduct, London, mwaka 1882. Mwaka 2012 makaa hayo yalikuwa bado yanatoa takriban asilimia 40 ya umeme wake. Tarehe 30 Septemba 2024 kituo cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar, kilizimwa. Kutoka asilimia 40 hadi sifuri ni miaka 12. Wanaodai kasi kubwa wana haki ya kuutaja mfano huu, ila wautaje mzima: Uingereza ilikuwa na gesi ya Bahari ya Kaskazini, ilikuwa na pesa za kujenga mitambo ya upepo baharini, na viwanda vyake vingi vizito vilikuwa vimekwisha kuhamia nchi nyingine, ambako makaa ya mawe yaliendelea kuchomwa.

Kupunguza ni jambo jingine. Kilichopunguzwa kipo. Ndiyo maana India ilikitaka. Karibu robo tatu ya umeme wake hutoka kwenye makaa ya mawe, na hoja yake haikuwa ya kupuuzwa: kwa nini azimio lilenge makaa ya mawe, yanayochomwa zaidi na India na China, na kuacha mafuta na gesi ambayo Marekani na Ulaya zimejengea utajiri? Mwaka mmoja baada ya Glasgow, katika mkutano wa Sharm el-Sheikh, India ikapendekeza nishati ya kisukuku ya kila aina ipunguzwe. Pendekezo halikuingia katika azimio.

Hapa yafaa kuonya dhidi ya kudhani kwamba kukomesha daima kuna nguvu kuliko kupunguza. Kitenzi bila tarikhi ni maneno. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, katika tathmini yake ya sita, lilipitia njia zinazoweza kulizuia joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5, au lizidi kidogo tu kwa muda. Katika njia hizo, kwa makadirio ya kati na kulinganisha na mwaka 2019, matumizi ya makaa ya mawe hushuka kwa takriban asilimia 95 kufikia mwaka 2050, ya mafuta kwa asilimia 60, na ya gesi kwa asilimia 45. Huko ni kupunguza, na ni kuzito kuliko ahadi yoyote ya kukomesha isiyotaja mwaka. Tarakimu hizo zinaonyesha pia kwamba hata sayansi haitoi kasi moja kwa vyote vitatu. Mwandishi anayeandika "dunia iachane na mafuta" amefuta tofauti ya asilimia 95 na 45 kwa neno moja.

Kilichofuata kilitokea Dubai. Desemba 2023, zaidi ya nchi 100 zilifika mkutano wa 28 zikitaka nishati yote ya kisukuku ikomeshwe. Mwenyekiti alikuwa Sultan Al Jaber, ambaye pia ni mkuu wa kampuni ya taifa ya mafuta ya Abu Dhabi. Katikati ya mkutano, Katibu Mkuu wa OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, Haitham Al Ghais, aliwaandikia wanachama wake akiwahimiza wakatae maneno yoyote yanayolenga nishati yenyewe badala ya hewa chafu inayotoka. Rasimu moja ikaja bila kukomesha, nchi za visiwa zikaikataa. Tarehe 13 Desemba yakapatikana maneno ya tatu, ambayo hayakuwa kukomesha wala kupunguza: nchi ziondokane na nishati ya kisukuku katika mifumo ya nishati kwa njia ya haki, yenye utaratibu na usawa, zikiongeza kasi katika muongo huu. Nyundo iligongwa kabla wawakilishi wa visiwa vidogo hawajaingia ukumbini. Anne Rasmussen wa Samoa, akiyasemea mataifa 39 ya visiwa, alilisema hilo waziwazi walipofika, na ukumbi ukasimama kumpigia makofi.

Hata hivyo lilikuwa tukio. Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, ambao ndio msingi wa juhudi zote hizi, hautaji kabisa makaa ya mawe wala mafuta wala nishati ya kisukuku. Ilichukua mikutano 28 kwa azimio kuita nishati yote ya kisukuku kwa jina lake na kusema isogezwe mbali.

Ni kitenzi gani cha Kiswahili kinabeba maneno ya Dubai? "Kuachana na" ndicho kinachotumika zaidi, na kina tatizo ambalo mzawa wa lugha hulisikia mara moja. "Achana naye" ni kusema usimjali. "Achana na hayo" ni kusema yaishe, tuzungumze mengine. Kuachana ni kukata, tena kwa siku moja: wawili waliokuwa pamoja jana, leo kila mtu kwake. Katika maneno ya Dubai hakuna kukata. Kuna safari yenye urefu, na wapatanishi walichagua maneno yao kwa ajili ya urefu huo, wengine wakiutumainia na wengine wakiuogopa. "Kuondokana na" ni afadhali, lakini katika matumizi ya siku nyingi kimezoea kuambatana na maovu: kuondokana na umaskini, ujinga, maradhi. Kinaonyesha kinachokimbiwa, hakionyeshi mtu anakwenda wapi.

Kitenzi kinachofaa zaidi ni kuhama. Anayehama hubeba vyombo, hulipa gharama, na huchukua muda. Zaidi ya hayo, Kiswahili hakimruhusu ahame bila kuulizwa anahamia wapi. Kiambishi kimoja tu, na kuhama kunakuwa kuhamia, na kwa kingine kunakuwa kuhamisha, yaani kuna mwingine aliyeamua kwa niaba yake. Maswali matatu ya mjadala huu, ya wapi, lini na nani ameamua, yamo tayari katika unyambuaji. Kuhama nishati ya kisukuku, na kuhamia nishati jadidifu: mwandishi akiandika nusu ya kwanza bila ya pili, sentensi yenyewe inamdai.

Nusu hiyo ya pili ikikosekana, watu huumia. Kituo cha umeme cha Komati katika mkoa wa Mpumalanga, Afrika Kusini, kilianza kufanya kazi mwaka 1961 na kikazimwa Oktoba 2022. Mwaka mmoja kabla, mjini Glasgow, nchi tajiri zilikuwa zimeiahidi Afrika Kusini dola bilioni 8.5 za kusaidia kutoka kwenye makaa ya mawe, na Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 497 kwa ajili ya Komati yenyewe, ijengwe mitambo ya jua, upepo na betri mahali pa tanuri za zamani. Kwenye karatasi mpango huo ulikuwa mfano wa kuigwa. Katika mji mdogo uliokuwa ukiishi kwa kituo hicho, ajira ziliondoka kwanza na mitambo mipya ikachelewa, tena wakati nchi nzima ikiwa kwenye mgao wa umeme. Wakazi walilalamika kwamba waliambiwa badala ya kuulizwa. Kwa lugha ya unyambuaji, walihamishwa, hawakuhama. Baada ya Komati, wanaotaka makaa ya mawe yaendelee Afrika Kusini wamepata hoja ambayo hawakuwa nayo kabla, na hasara hiyo imewapata hasa wale wanaotaka kasi.

Kwa upande wa nomino, "mpito" limekwisha kukubalika: mpito wa nishati, mpito wa haki. Ni chaguo zuri kuliko waliolichagua walivyodhani. Wasemaji wa Kiswahili wa Burundi na mashariki mwa Kongo waliishi chini ya serikali za mpito, Burundi kuanzia mwaka 2001 hadi 2005 na Kongo kuanzia 2003 hadi 2006. Wanajua kwamba mpito una tarehe ya kuanza na ya kwisha, kwamba wenye vyeo hupenda urefushwe, na kwamba ukirefushwa sana hauitwi tena mpito. Maarifa hayo ya kisiasa yanafaa kuingizwa katika mjadala wa nishati bila kubadilisha hata herufi moja.

Yanahitajika, kwa sababu katika Afrika Mashariki kasi haijadiliwi kwa mbali. Mwaka 2022 pekee unatosha kuonyesha hivyo. Tarehe 15 Septemba mwaka huo Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulipinga bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambazo 1,147 zinapita Tanzania. Azimio lilitaja haki za watu waliohamishwa, hifadhi na tabianchi, na mengi katika hayo yana uzito wa kweli, hasa malalamiko ya fidia. Lakini mwaka huohuo, baada ya vita vya Ukraine kuanza na Ulaya kupiga marufuku makaa ya mawe ya Urusi, malori yalikuwa yakishusha makaa ya mawe ya Ruvuma katika bandari ya Mtwara, bandari iliyozoeleka kwa korosho, na meli zikiyapakia kwenda nje, zikiwemo zilizoelekea Ulaya. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu machozi ya Glasgow. Mtu wa Mtwara aliyeona yote mawili hawezi kuambiwa kwamba swali la kasi ni la sayansi tupu. Ni swali la nani anapewa muda na nani ananyimwa.

Bara la Afrika limechangia chini ya asilimia 3 ya hewa ukaa ya dunia inayotokana na nishati tangu mwanzo, na takriban watu milioni 600 barani hawana umeme. Kutoka kwenye takwimu hizo hutolewa hoja mbili zinazopingana. Moja husema Afrika ichimbe chake kwanza, na ndiyo inayosikika katika mipango ya gesi ya Lindi, kwa kuwa Tanzania nzima inahesabu zaidi ya futi za ujazo trilioni 57. Nyingine husema Afrika isinunue mitambo ambayo dunia inaiacha. Kenya imeielekea hii ya pili kwa kiasi kikubwa: karibu asilimia 90 ya umeme wake hutokana na jotoardhi la Olkaria, maji, upepo na jua, na kibali cha kituo cha makaa ya mawe cha Lamu kilifutwa na mahakama ya mazingira mwaka 2019 baada ya wenyeji kufungua shauri. Nchi hiyohiyo bado inayataka mafuta ya Turkana. Kongo nayo ilitangaza zabuni za vitalu 30 vya mafuta na gesi Julai 2022, vingine vikigusa misitu na hifadhi, kisha Oktoba 2024 ikazifuta zile za mafuta. Hakuna hata mmoja kati ya majirani hawa anayeweza kuelezwa kwa kitenzi kimoja.

Katika mkutano wa tabianchi wa Belém, Brazili, Novemba 2025, zaidi ya nchi 80 zilitaka uandikwe mwongozo wa hatua za kuutekeleza uamuzi wa Dubai. Azimio la mwisho halikuitaja nishati ya kisukuku.

Kwa hiyo faharasa ya Kiswahili inaweza kupangwa hivi. Kukomesha kutumike pale tu andiko linapoweka mwisho, na mwaka utajwe. Kupunguza kutumike pasipo na mwisho, na kiasi kitajwe kikiwepo. Kuhama kubebe maneno ya Dubai, pamoja na kuhamia. Mpito uwe jina la kipindi. Kuachana kubaki kwa wanandoa na kwa mambo yasiyostahili kujibiwa.

Jaribio la kwanza la mpango huo liko jikoni, si ukumbini. Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa miaka 10 wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania kufikia mwaka 2034. Hapo mtungi wa gesi huitwa nishati safi, na kwa mapafu ya mama aliyekaa miaka mbele ya moshi ni safi kweli, na kwa misitu inayokatwa mkaa ni nafuu kweli. Kwa asili yake gesi hiyo ni kisukuku. Kaya ya Dar es Salaam inayotoka kwenye mkaa na kununua mtungi inahamia nishati ya kisukuku, na inafanya vizuri. Lakini Rufiji kuna Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, na jiko la umeme linaweza kuwa hatua inayofuata kwa kaya hiyohiyo. Hiyo itakuwa safari ya pili ya kuhama. Mwandishi anayeripoti habari za nishati safi anapaswa kusema ni ipi kati ya hizo mbili anayoizungumzia, na ile ya pili imepangiwa mwaka gani.